Mruhusu Dereva Wako Asimame

Ndugu zangu wenye pikapu wa Musoma, Bunda na Butiama, nawaandikia ninyi kwanza, kabla ya madereva na kabla ya mafundi. Injini nyingi za mkoa wetu zinazokufa kwa kuchemsha zinakufa kwa uamuzi ambao dereva hakuwa na nguvu ya kuufanya. Sindano ya joto imepanda, naye anaiona. Anajua kwamba akisimama pale pale, kabla hajafika Kiabakari, injini itapona. Lakini nyuma amebeba samaki, barafu inayeyuka, tajiri amekwishapiga simu kuuliza amefika wapi, na jioni kuna hesabu ya kupeleka. Anaamua kumalizia kilomita chache zilizobaki. Katika kilomita hizo chache ndipo hedi inapopinda.

Pikapu ninazozisema mnazijua. Ni Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, ni Land Cruiser za 1HZ zilizouzwa na miradi na mashirika, ni Isuzu na Nissan za siku nyingi, nyingi zikiwa bado na namba A au namba B. Zinabeba sangara na dagaa kutoka Mugango, Majita na Kisorya. Zinabeba pamba ya Bunda wakati wa msimu, mihogo, saruji, mabati, mbuzi wa mnadani. Usiku zinambeba mama aliyeshikwa na uchungu kumwahisha hospitali, na siku nyingine zinambeba marehemu kumrudisha kwao. Kijiji chenye pikapu moja kikiipoteza injini yake, wanaopoteza ni wengi kuliko jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari.

Ombi langu kwenu ni moja, na yote nitakayoyasema yanalihudumia: gari likianza kuchemsha lisimame, na kabla halijaondoka sababu itafutwe. Kuongeza maji na kuendelea na safari hakuponyi kitu. Maji yamekwenda mahali fulani, au joto limekosa njia ya kutokea, na hilo litabaki pale pale hata ukijaza madumu kumi.

Nianze na pale barabarani, kwa sababu pale watu wanaumia.

Dereva akiona sindano imepita mahali pake pa kawaida, azime kiyoyozi kama kipo, apunguze mwendo, na kama hita bado inafanya kazi aifungue mpaka mwisho. Hita ni rejeta ndogo. Itamchoma miguu lakini itachota joto kutoka kwenye injini. Atafute mahali salama nje ya lami. Kama mvuke unatoka, maji yanamwagika au mkanda wa feni umekatika, azime injini mara moja. Kama hakuna lolote kati ya hayo, anaweza kuiacha iungurume taratibu kwa dakika moja au mbili feni ivute upepo, macho yakiwa kwenye sindano; isiposhuka, azime. Kisha afungue boneti na asubiri. Nusu saa si nyingi. Kipimo cha kuaminika ni mpira wa juu wa rejeta: usipoweza kuushika kwa kiganja na kuuminya bila kuungua, kifuniko hakijafika wakati wa kufunguliwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Maji yaliyo ndani ya rejeta yenye moto yamebanwa. Yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 na bado yakawa maji, kwa sababu tu kifuniko kimeyakandamiza. Ukikifungua, yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani kwa yule aliyeinama juu yake. Mara nyingi huyo ni utingo, kijana mwenye haraka ya kuonekana anafaa. Mwenye gari, mwambie utingo wako kwa kinywa chako kwamba kazi hiyo si yake.

Na ikitokea mtu ameungua, mmwagieni maji safi yasiyo na moto, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Mvueni saa, pete na nguo ambayo haijagandia kwenye ngozi. Msimpake dawa ya meno, unga, mafuta wala ute wa yai; hivyo vinafungia joto na kuleta uchafu. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni kituo cha afya. Ninyi mnaokaa kando ya barabara kuu, kuanzia Bunda mpaka Makutano na kushuka mpaka Bweri, ndio mnaofika wa kwanza gari likikwama. Mnatoa maji, mnasukuma, mnampa mgeni kivuli. Endeleeni hivyo, na muwafukuze watoto walio karibu na boneti iliyo wazi. Dereva naye akimaliza aondoe mawe na matawi aliyoweka barabarani kama alama. Jiwe lililosahauliwa kwenye lami usiku linaua mwendesha bodaboda ambaye hata hakuliona gari lako.

Injini ikipoa, maji yaongezwe polepole, injini ikiwa imewashwa na inaunguruma chini. Maji ya baridi yakimiminwa kwa pupa kwenye chuma chenye moto, hedi au bloku inaweza kupasuka.

Sasa tutafute sababu. Nataka tukae kidogo kwenye kitu kidogo kuliko vyote, kifuniko cha rejeta, kwa sababu kwetu sisi wa ukanda wa ziwa kina uzito kuliko kwa ndugu zetu wa pwani.

Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ukiwa Tanga au Dar es Salaam. Sisi tupo juu. Uso wa Ziwa Victoria upo kiasi cha mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Kwa hiyo mwaloni Musoma maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi kama 96, na Butiama, ambayo ipo juu zaidi ya ziwa, yanachemka mapema zaidi kidogo. Linganisha na injini yenyewe. Themostati ya kawaida ya Hilux hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kufunguka yote inapofika nyuzi 95. Maana yake, injini ikiwa katika kazi yake halali, bila ugonjwa wowote, imepakia na inapanda, inafika karibu kabisa na kiwango ambacho maji ya hapa kwetu huchemka.

Kinachozuia yasichemke ni kifuniko. Kitazame juu, utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni shinikizo linaloshikiliwa na springi yake. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji yale yale ya Musoma hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 116. Springi ikilegea au mpira ukikatika, akiba ya nyuzi 20 imepotea yote, na gari ambalo halina kosa jingine litaanza kuchemsha kwenye kila mlima. Nimeona magari yakishushwa hedi ilhali kifuniko kimezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kifuniko kipya chenye namba ileile iliyowekwa na mtengenezaji ni katika spea za bei ndogo kabisa dukani. Kibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, na kisibadilishwe kwa chenye namba kubwa zaidi kwa kudhani kwamba kitasaidia zaidi. Rejeta na mipira ya zamani haitahimili.

Kifuniko hicho kina kazi ya pili. Injini ikipoa, vali ndogo ya katikati hufunguka na kuyavuta maji kutoka kwenye kopo la akiba yarudi ndani. Ukikuta asubuhi mpira wa juu umebonyea kwa kunyonywa na kopo limejaa, vali hiyo imeganda.

Kama kifuniko ni kizima, swali la kwanza la fundi mwenye busara, kabla hajashika spana, ni hili: linachemsha lini?

Lile linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likitembea, tuseme kwenye foleni ya kivuko pale Kisorya au sokoni likisubiri mzigo, lina shida ya upepo. Feni haivuti. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili: ukiingia kwa zaidi ya sentimita moja au hivi, umelegea na unateleza. Kisha injini ikiwa imezimwa, izungushe feni kwa mkono. Hilux nyingi zina klachi ya feni yenye mafuta mazito ndani. Feni ikizunguka yenyewe mizunguko mingi bila kushikwa na uzito wowote, mafuta hayo yamevuja na klachi imekwisha. Utayaona yamefanya tope la vumbi pale katikati. Tazama pia kama lile kava kubwa linaloizunguka feni bado lipo. Mafundi hulitoa ili wapate nafasi ya kufanyia kazi, halafu halirudi. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta.

Usisahau sura ya mbele ya rejeta. Wakazi wa Musoma wanavijua vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji na kutua kwenye kila kitu. Pikapu inayopita barabara za ufukweni huvikusanya kwa maelfu kwenye mapezi ya rejeta, vumbi la kiangazi linavifunika, na baada ya miezi michache hewa haipiti. Rejeta ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutokea upande wa injini kuelekea mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Mashine za kuoshea magari zenye nguvu hukunja mapezi na kuziba kabisa. Wavu, taa za ziada na gunia lililofungwa mbele ya gari vinafanya kosa hilo hilo.

Lile linalochemsha likipanda na mzigo, lakini linatulia likisimama, lina shida ya maji kutopita. Hapo unatafuta rejeta iliyoziba ndani, wota pampu iliyochoka, themostati iliyokwama au mpira wa chini unaojibana injini inapokimbia. Zima injini yenye joto, kisha upitishe kiganja karibu na uso wa rejeta: sehemu zilizo baridi ni mirija iliyoziba. Wota pampu ina kitundu chini yake. Ukiona alama ya maji yaliyokauka pale, sili imekufa. Ukiitikisa puli yake na ikacheza, beringi imekwisha, na siku yoyote feni itaingia kwenye rejeta.

Na ipo dalili moja inayowadanganya hata madereva wazoefu. Gari lilikuwa linachemsha, mara sindano inashuka ghafla na dereva anashukuru Mungu. Mara nyingi hiyo ni habari mbaya kuliko zote. Maji yamekwisha hadi chini ya kipima joto, kipima kinagusa mvuke au hewa na hakisomi kitu cha maana. Sindano ikianguka ghafla, simama papo hapo.

Rejeta huziba ndani kwa sababu ya kile tunachokimimina. Watu wa vijijini wanaotumia maji ya visima wanaujua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Ukoko huo huo unajenga kwenye mirija ya rejeta na kwenye kuta za silinda, ambako huzuia joto kutoka kwenye chuma. Maji yaliyochotwa ufukweni yana tope na majani. Hata maji ya bomba, yakiwa peke yake, yanaifanya bloku ya chuma ishike kutu. Ndiyo ile rangi nyekundu unayoiona ukifungua kifuniko. Nimesikia mara nyingi kwamba kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, sisi haituhusu. Kinachotuhusu ni kwamba kulanti inazuia kutu, inalinda sili ya pampu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa juu ya zile ambazo kifuniko kinatupa. Kama fedha haitoshi leo, tumia angalau maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza, na uweke kulanti mara mfuko ukiruhusu. Yai, binzari na unga wa kuzibia tundu vibaki jikoni. Vinaziba tundu, kweli, na mirija pia.

Kulanti ina sumu, na nyingi ina ladha tamu. Mbwa huilamba, mbuzi huilamba, na mtoto akiikuta kwenye chupa ya soda ataionja. Isihifadhiwe kwenye chupa za vinywaji, na ikimwagwa wakati wa matengenezo ikingwe kwenye beseni. Nawasihi hasa wenzangu wanaooshea na kutengenezea magari mwaloni: msiimwage pale. Maji ya bomba ya Musoma yanatoka ziwa hilo hilo, na yale yanayovutwa Mugango ndiyo yanayokwenda Kiabakari na Butiama.

Mafundi, sasa nawageukia ninyi, na nawageukia kwa heshima, kwa kuwa wengi wenu mmejifunza kwa macho na mikono chini ya mti, na mnayabakiza barabarani magari ambayo kwingine yangekuwa chuma chakavu.

Acheni kuitupa themostati. Najua kwa nini inatupwa: gari linachemsha, themostati ikitolewa wakati mwingine linatulia, mteja anafurahi. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha chini ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji haiendi kupoa, na likipanda na mzigo linachemsha zaidi kuliko awali. Likiwa halina mzigo nalo halifiki joto lake, linakunywa dizeli na silinda zinalika. Kuipima ni kazi ya dakika chache na sufuria ya maji. Ining'inize kwa waya isiguse chini wala ukingoni, pasha moto, na utaiona ikianza kuachia kabla maji hayajachemka. Isipoachia, nunua nyingine. Unapoirudisha, kile kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa ipate kutoka, na wakati wa kujaza maji pua ya gari ielekee mlimani. Hewa iliyonaswa inachemsha injini iliyo nzima kabisa.

Kuhusu gasketi ya hedi. Dalili zake mnazijua, ila ni vizuri mwenye gari naye azijue ili asichomoliwe fedha bure na asikatae ukweli. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, iwashe, na utazame: viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, kabla hata maji hayajapata moto, ni jambo hilo hilo. Oili kwenye kijiti ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na gari hilo lisiwashwe tena. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaonyesha maji yanachomwa ndani.

Gasketi haiungui yenyewe. Iliunguzwa na joto, na joto lilikuwa na chanzo: rejeta, pampu, feni, kifuniko. Kufunga gasketi mpya na kuliacha gari na rejeta ile ile iliyoziba ni kuiweka gasketi ya pili kwenye moto ule ule, na kwa bahati mbaya ndiyo hali ya magari mengi yanayorudi gereji kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo hedi ikishushwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na geji nyembamba. Ikiwa imepinda iende mashine ikaskimiwe, isisuguliwe kwa msasa na jiwe. Hedi za familia ya 2L zina tabia ya kupasuka katikati ya vali, nyufa nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona. Ipimwe kwa shinikizo huko mashine kabla mteja hajalipia kitu kingine. Na gasketi za 2L na 3L hutengenezwa kwa unene tofauti kulingana na kiasi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Anayechukua yoyote iliyopo dukani anabahatisha. Boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua. Mkono wenye uzoefu wa miaka mingi bado hauwezi kukaza boliti zote sawasawa.

Najua jibu lenu: vifaa. Ni jibu la haki. Spana hiyo ni ghali kwa mtu mmoja, na pampu ya mkono ya kupimia shinikizo la rejeta pia. Pampu hiyo hufungwa mahali pa kifuniko, unaisukuma injini ikiwa baridi mpaka namba ya kifuniko, kisha unatazama geji. Ikishuka, kuna mahali panavuja, na maji yatakuonyesha mahali penyewe bila kuipasha injini joto wala kuhatarisha uso wa mtu. Inapima na kifuniko chenyewe. Fundi mmoja hataitumia kila siku, lakini mafundi wa eneo moja la gereji, kwa mfano pale Bunda, wakichanga kama wanavyochanga kwenye vikoba, wanaweza kuinunua na kuiazimana kwa daftari. Wenye pikapu nao wachangie, kwa maana ni injini zao zitakazopona.

Vyuo vyetu navyo naviomba vifungue milango kidogo. Musoma kuna VETA. Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, kimojawapo cha vyuo vilivyoanza kuundwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, ili mtu mzima wa kijijini apate ujuzi bila kurudi kwenye madawati ya utotoni. Jumamosi moja katika muhula, fundi wa mtaani aruhusiwe kuingia karakana, aitazame hedi ikipimwa, naye awaonyeshe wanafunzi yale ambayo vitabu havina: jinsi Hilux ya miaka 30 inavyosema kabla haijafa. Nina hakika kila upande utatoka na kitu.

Narudi kwenu, wenye magari. Niliwaambia kwamba dereva hasimami kwa sababu ya mzigo na hesabu. Basi tuyashughulikie hayo mawili.

Hesabu ya siku ambayo gari limesimama kwa kuchemsha isidaiwe. Mkikubaliana hivyo kabla, dereva hatakuwa na sababu ya kuficha. Atakuambia mapema kwamba anaongeza maji kila asubuhi, na hiyo ndiyo habari unayoihitaji kuliko fedha ya siku moja, kwa kuwa gari zima haliongezwi maji kila asubuhi. Kutoka kwenye hesabu za siku nyingine tenga kidogo kwa ajili ya kifuniko, mkanda, mipira na kulanti. Vitu hivi vinne havikufikii kwa ghafla. Vinazeeka polepole, unaviona.

Kuhusu mzigo, hakuna mwenye gari mmoja anayeweza kulimaliza tatizo hilo peke yake, na ndiyo sababu nauita huu wito. Kwenye barabara hii kila saa inapita pikapu yenye nafasi. Tunayo makundi ya simu kwa ajili ya misiba na harusi, na hayajawahi kutushinda. Tuanzishe la wenye pikapu wa Bunda, Butiama na Musoma, tukubaliane nauli ya kusaidiana, ili dereva aliyesimama Kiabakari na samaki wanaoyeyukiwa barafu apige simu moja na mzigo uhamie kwenye gari jingine. Samaki watafika sokoni, na injini itapoa kwa wakati wake.

Wakati kundi hilo linajengwa, kuna kitu ambacho kila mmoja wetu anaweza kukifanya jioni ya leo. Chukua karatasi, andika kwa kalamu nzito: "Sindano ikipita katikati, simama. Nimekuruhusu." Weka sahihi yako. Chini yake andika namba yako ya simu na ya fundi, kisha uibandike kwenye dashibodi, karibu na geji ya joto, mahali ambapo dereva hawezi kukosa kuiona.